UZI: Ishara kwenye hadithi zetu. Kitu kifanye kazi yake kwanza, maana itakuja yenyewe

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wanaoandika hadithi fupi na riwaya, na kwa wasomaji wanaopenda kujua mambo yanavyopikwa. Ni mrefu, nivumilieni.

Nasoma sana miswada ya vijana, humu na kwenye magrupu ya WhatsApp ya waandishi. Vipaji vipo, tena vikubwa. Lakini kuna ugonjwa mmoja unaoua hadithi ambazo zingekuwa nzuri: bundi analia ukurasa wa kwanza, ukurasa wa tatu mtu anakufa. Mshumaa unazimika, mgonjwa anakata roho. Binti amevaa gauni jeupe, basi tujue ni mwema. Tajiri katili lazima afuge mbwa mweusi. Msomaji wa Kiswahili ameshakutana na hayo mara nyingi mno. Bundi akilia tu, anahesabu nani atakufa.

Chanzo chake nadhani nakijua. Wengi wetu fasihi tumeisomea mtihani. "Eleza ishara nne zilizotumika na mwandishi na maana zake." Tukazoea kuziona ishara kama majibu. Sasa tukishika kalamu tunaanzia kwenye jibu, halafu tunatafuta kitu cha kulibeba. Nataka kuonyesha ukandamizaji, ngoja niweke mnyororo. Nataka kuonyesha matumaini, ngoja jua lichomoze. Hadithi inakuwa imeandikwa kwa ajili ya mhakiki, na wahusika wanabaki wapagazi wa maana.

Msimamo wangu ni huu: kitu kwenye hadithi lazima kwanza kiwe kitu. Kiwe na mwenyewe, kiwe na bei, kiwe na kazi, kiweze kupotea, kuibiwa, kuharibika. Kikikosekana, mambo yakwame. Hapo maana itakifuata chenyewe, na itakuwa maana ambayo hata wewe mwandishi hukuipanga yote.

Nitoe mfano kutoka kwenye historia yetu, maana wakati mwingine watu wa kawaida walitengeneza ishara bora kuliko waandishi. Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete kwenye vilima vya Umatumbi waling'oa mipamba. Hicho ndicho kitendo kilichowasha Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Fikirieni: hawakuchora kitu, hawakutoa hotuba. Waling'oa mmea. Kwa nini mmea huo? Kwa sababu ndio uliokuwa unawamaliza. Walilazimishwa kuulima, ukawala siku ambazo wangelima mtama wao, na akida juu yao na kiboko. Kuung'oa mpamba ilikuwa kujitua mzigo kweli kweli, na papo hapo ilikuwa tangazo la vita. Kitendo kimoja, kazi mbili, na ile ya pili ina nguvu kwa sababu ile ya kwanza ni ya kweli.

Na dawa waliyopewa wapiganaji iwakinge na risasi: maji, mafuta ya nyonyo, punje za mtama. Vitu vya nyumbani na shambani.

Ebrahim Hussein alipoichukua habari hiyo na kuandika tamthilia ya *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, angeweza kuyaacha maji yawe na maana moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hakufanya hivyo. Kwanza maji ni dawa: ukiwa nayo, risasi haikupati. Kisha yanakuwa kiungo: watu wa makabila ambayo hayakuaminiana wanakubali kusimama pamoja kwa sababu wote wamepata maji yale yale. Kisha Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyewapa watu maji, anaanza kuyatilia shaka, anataka kuwazuia watu, anakuta imani imeshamtoka mikononi na haimhitaji tena. Mwisho yuko kwenye mikono ya Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu anajua wajukuu wataambiwa kwamba hata kupigania haki yao lilikuwa kosa.

Angalieni kinachofanyika hapo. Kila hatua, maji yanamsukuma mtu kutenda jambo ambalo asingelitenda. Yakiondolewa hakuna vita, hakuna umoja, hakuna gereza, hakuna tamthilia. Hicho ndicho kipimo ninachowaomba mkitumie kwenye kazi zenu: ing'oe ishara yako uone kama hadithi inatikisika. Bundi wa ukurasa wa kwanza ukimfuta, hakuna atakayejua aliwahi kuwepo.

Sasa niandike kidogo, maana maneno matupu hayamsaidii mtu. Tuseme hadithi ni ya mama na binti anayekwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Toleo ninalokutana nalo mara nyingi linakuwa hivi:

*"Mama alimpa Zuhura kanga. Kanga ile ilikuwa alama ya upendo wao usiokatika. Kila Zuhura alipoitazama akiwa ugenini, alimkumbuka mama yake na machozi yakamtoka."*

Hakuna kosa la sarufi, na hakuna kitu. Kanga ingeweza kuwa leso ya mkononi, picha, au pete. Mwandishi hajaitazama kanga. Tuitazame. Kanga inauzwa doti, vipande viwili vimeungana. Lazima uvikate, kisha uvipinde. Na kila kipande kina pindo lake, mji wake wa katikati na jina lake kamili, yale maneno yaliyoandikwa. Hayo yote yapo tayari kwenye kitambaa, hayahitaji kubuniwa:

*"Mama alitandika doti kitandani, akatafuta mstari wa katikati kwa kidole, akapitisha mkasi. Kipande cha Zuhura akakipinda usiku ule ule kwa mkono, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na cherehani ya jirani isingefanya kazi. Chake akakikunja vivyo hivyo, na nyuzi zake zikining'inia. 'Changu nitapinda kesho,' alisema."*

Sijasema upendo. Sijasema kutengana. Lakini mkasi umepita, na kuna kipande kimoja ambacho hakijapindwa. Baadaye, miezi imepita, mama yule yule anakwenda kisimani na kanga ile kaizungusha ngata kichwani, na upande usiopindwa umeanza kufumuka. Sina haja ya kuongeza neno. Msomaji ameiona "kesho" ambayo haikufika.

Na jina la kanga msilifanye tangazo. Ukiandika kwamba kanga ilisema "Hakuna kama mama", umemnyang'anya msomaji kazi yake. Mpe jina linalokwenda kombo na hali ilivyo. Wanawake wetu wenyewe wanajua sana kutuma ujumbe wa kanga kwa pembeni, mtu asiyehusika akausoma akapita, na aliyekusudiwa ukamchoma.

Karibuni tujadiliane.

---

#2 – Binti wa Pwani

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Niko Mombasa, huku twaiita leso, na ulivyoieleza doti nimemuona mamangu kabisa.

Swali langu: kitu hicho kitokee mara ngapi? Kikitokea mara moja naona hakionekani, na kikitokea kila sura naona nitamchosha msomaji.

---

#3 – Mleta uzi

Dada yangu, usihesabu mara, hesabu mabadiliko. Kila kitu kile kinaporudi, kiwe kimebadilika hali au mikono. Kanga ilikuwa mpya, sasa imepauka. Ilikuwa ya kujifunga, sasa ni ngata, kesho ni ya kubebea mtoto, mwisho ni tambara la kufutia sakafu. Hayo ndiyo maisha ya kweli ya kanga katika nyumba zetu. Ikirudi ilivyokuwa, bila kilichobadilika, iondoe, hata kama sentensi yake ni tamu.

Kuna ujanja mwingine mdogo: mara ya kwanza ipitishe kwa mlango wa kazi. Msomaji aione kanga kwa sababu mtu anaifunga, akili yake ikiwa kwenye mazungumzo ya wahusika. Ukiisimamia na kuieleza aya nzima mwanzoni, umemwambia "angalia, hii ni ishara", na kuanzia hapo hasomi hadithi, anasubiri jibu.

---

#4 – Ticha wa Fasihi

Nakusalimu mleta uzi. Nafundisha Kiswahili sekondari, na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuna mahali nakukatalia.

Unasema maana isitangazwe. Je, Shaaban Robert? Katika *Kusadikika* mshitakiwa anaitwa Karama na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Nchi yenyewe inaelea hewani. Kila kitu kimetajwa kwa jina lake, na kitabu kimesomwa vizazi na vizazi. Hiyo ni jadi yetu. Tukiwaambia vijana wafiche maana, je, hatuwaambii waachane na njia ya wazee wetu na kufuata mitindo ya kutoka nje?

---

#5 – Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Swali zito, na nimefurahi umelileta.

Naiheshimu sana njia ya majina ya namna hiyo. Ni ndugu wa ngano zetu, ambamo Sungura na Fisi wanajulikana tabia kabla hawajafungua midomo. Lakini hata humo, angalia mzigo mkubwa umebebwa na nini. *Kusadikika* ilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa kikoloni. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Kesi inasikilizwa mbele ya mfalme, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema ya kuiletea nchi yao, wakarudi wakaadhibiwa. Mjumbe baada ya mjumbe. Ile kesi ni kesi kweli: kuna hatari, kuna hasira, kuna mtu anayeweza kupoteza maisha. Majina yako wazi, ila jambo kubwa kuliko yote, kwamba nchi hiyo ya hewani ni ipi, mwandishi hakulitaja. Alimwachia msomaji wa 1951 atazame kushoto na kulia ajionee mwenyewe.

Kwa hiyo naona uwazi wa majina ulikuwa upande mmoja wa mizani, na ukimya kuhusu nchi ulikuwa upande wa pili. Kijana wa leo anachukua upande wa kwanza tu. Anamwita mhusika Bwana Fisadi, kisha anaeleza kwamba ni fisadi, kisha anamfanya aibe, kisha rafiki wa shujaa anasema "hakika huyu ni fisadi." Hapo hakuna kilichobaki kwa msomaji.

Ombi langu kwako kama mwalimu: mnapowauliza wanafunzi maana ya ishara, waulizeni pia ishara hiyo inafanya kazi gani kwenye tukio. "Maji yanawakilisha nini" ni swali zuri. "Bila maji, Kitunda na wenzake kwenye *Kinjeketile* wangefanya nini" ni swali linalozaa waandishi.

---

#6 – Ticha wa Fasihi

Marahaba. Hilo la swali la pili nitalijaribu na kidato cha nne, wiki ijayo tunaingia kwenye tamthilia. Bado natetea majina lakini.

---

#7 – Msomaji Sugu

Mkuu mimi sio mwandishi, ni msomaji tu. Nauliza kuhusu mvua na rangi. Kila hadithi ya mazishi lazima mvua inyeshe. Hii ni ishara ya kwetu au tumeitoa kwenye muvi?

---

#8 – Mleta uzi

Mkuu, hapa umegusa penyewe.

Mvua ya huzuni kwa sehemu kubwa tumeipokea kutoka kwenye sinema, na sinema zile zimetengenezwa na watu ambao kwao mvua ni baridi na usumbufu. Ipeleke mvua hiyo Dodoma. Pale mvua ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na isiponyesha vizuri watu wanalala njaa. Ukiandika mazishi ya Dodoma mwezi Januari na mvua ikaanza kunyesha, waombolezaji hawatainama kwa majonzi zaidi. Kuna mtu pale anafikiria shamba lake. Kuna mzee atasema marehemu ameondoka na baraka. Kuna mjane atasikia maneno hayo, na atajisikia vibaya kwa sababu na yeye moyoni ameifurahia. Hapo una hadithi! Mvua ile imegongana na huzuni badala ya kuipamba, na mjane amepata siri.

Fanya mvua hiyo hiyo Dar es Salaam mwezi Aprili, bonde la Msimbazi. Sasa ni jambo jingine kabisa. Mvua inamaanisha maji ndani ya nyumba, godoro juu ya meza, watoto kuhamishiwa kwa shangazi. Msiba wa Jangwani mvua inaponyesha, swali la kwanza ni maiti itapitishwa wapi. Ishara haibebwi na mvua. Inabebwa na mahali mvua inaponyesha, na inamnyeshea nani.

Rangi nazo ni hivyo hivyo. Nyeupe ni gauni la bibi harusi kanisani Moshi, na ni sanda kwa Waislamu Lamu au popote pale. Ukisema tu "amevaa nyeupe" hujasema kitu. Lakini muandike fundi cherehani ambaye asubuhi ameuza mita kadhaa za kitambaa cheupe kwa familia ya harusi, na jioni jirani akaja kuchukua kilichobaki kwenye jora lile lile kwa ajili ya maiti. Fundi anapima kwa futi ile ile, anakata kwa mkasi ule ule, na anashindwa kuamua kama achukue pesa. Jora moja limekutanisha nyumba mbili, na hakuna aliyetamka maneno "maisha na kifo".

---

#9 – Kijana wa Mbagala

Mimi nasema ukweli. Wasomaji wa sasa wanasoma kwenye simu, wanataka mapenzi, vitisho na upelelezi. Ishara ni mambo ya vyuo vikuu. Mtu ananunua episodi kwa shilingi mia tano, anataka kujua kama muuaji kakamatwa.

---

#10 – Mleta uzi

Mdau, nakuelewa, na nakuhakikishia hatugombani. Msomaji wa simu ndiye anayehitaji vitu kuliko wote, kwa sababu anasoma kwenye daladala na kelele zimemzunguka, episodi inayofuata anaipata baada ya siku mbili. Hatakumbuka mawazo ya mhusika. Atakumbuka kitu. Muuaji wako mpe kiberiti cha gesi kilichoandikwa jina la baa, kipite kwa watu watatu, na kila anayekishika tumshuku. Hiyo ni hadithi ya upelelezi safi, mia tano zako zinaingia. Na ukikifanya vizuri, yule mtu wa tatu atakapowashia jiko la mama yake kwa kiberiti hicho hicho, msomaji atashika tumbo. Kitu kimoja kimekupa ushahidi, mashaka na uchungu.

---

#11 – Binti wa Pwani

Kaka, nimepata moyo. Nitie kipande changu hapa mnisahihishe. Ni hadithi ya nyanya anayeishi Mji wa Kale, na watoto wataka kuiuza nyumba.

*"Nyanya aliketi juu ya mbuzi yake akikuna nazi. Mbuzi ile ilikuwa kuukuu kama yeye, na meno yake yalikuwa yamechakaa. Ilikuwa ishara ya mila zetu zinazopotea siku baada ya siku. Nilimtazama nikahuzunika."*

---

#12 – Mleta uzi

Dada, umeokota dhahabu na huijui. Meno ya mbuzi yamechakaa. Simama hapo hapo, usikimbilie mila.

Mbuzi yenye meno butu inafanya nini? Nazi haitoki laini, inatoka vipande vipande. Mkunaji anakandamiza zaidi, anafika kwenye ganda la ndani, machicha yanaingia weusi, tui linabadilika rangi. Wali wa siku hiyo hauwi ule wali. Kuna mtu mezani atalisema hilo, na kuna mtu atanyamaza. Tayari familia imegawanyika, na neno "nyumba" halijatajwa.

Halafu: nani alikuwa akiyanoa meno hayo? Mbuzi hainolewi na mtu yeyote tu, kuna mwenye tupa. Kama ni babu, na babu ameshafariki, basi meno yameanza kuisha tangu alipozikwa, na nyanya hajamwomba mtu mwingine. Kama ni mwanawe wa kwanza, ambaye sasa ndiye anayetaka nyumba iuzwe, fikiria anakuja siku ya kikao cha familia na pakiti ya tui la dukani mkononi, kwa nia njema kabisa, ili mama asichoke. Nyanya aipokee? Aiweke wapi? Usinijibu, iandike.

Futa sentensi ya tatu na ya nne zote. "Kuukuu kama yeye" pia ifute, kwa sababu umemgeuza nyanya kuwa kifaa kabla hatujamjua. Kipande chako kikibaki hivi, tayari kina nguvu kuliko mwanzo:

*"Nyanya aliketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Meno yalikuwa yamechakaa. Alikandamiza hadi machicha yakaingia weusi, akayatazama, akaendelea."*

"Akaendelea" ndiyo inabeba kila kitu hapo. Ameona kwamba tui litaharibika, na hakusimama. Msomaji ataanza kujiuliza mwanamke huyu ana ukaidi gani, na ukurasa wa mbele ndiko ulikoficha jibu.

Jambo moja la kuangalia unapoendelea: usimpe mjukuu anayesimulia akili ya kuelewa yote. Yeye ana njaa, anautaka wali, anakasirikia tui chafu. Akikasirika kwa dhati juu ya chakula, sisi tutaona mengine nyuma yake. Na siku ya kikao, tupa iwe mahali fulani ndani ya nyumba. Amua iko wapi kabla hujaandika mstari wa kwanza wa sura hiyo, kwa sababu mtu mmoja lazima aishike, na ni nani ataishika ndicho kitakachokuambia nyumba inauzwa au haiuzwi.

Ukimaliza sura hiyo ilete hapa hapa kwenye uzi, tuisome pamoja.